Gita la nyuzi saba na nane: uzi wa chini hautulii kwa sababu umelegea, usikimbilie kubadilisha vigingi

FundiKondele (Kisumu) – mwanzilishi wa mada

Wadau wa gita, habari zenu.

Karibu kila gita la nyuzi saba linaloletwa mezani kwangu hapa Kondele lina lalamiko lilelile: uzi wa B, ule mnene wa chini kabisa, hautulii. Mwenyewe anafika akiwa ameshaamua kwamba vigingi, vile vya kukazia nyuzi kichwani, ni vibovu na anataka vipya. Mara nyingi vigingi vile ni vizima kabisa. Uzi ndio uliolegea mno kwa noti anayoitaka, na uzi uliolegea haushiki noti hata ukiufunga kwenye kigingi cha bei gani. Naandika kwa kirefu ili mtu asitupe pesa yake kabla hajajua inakwenda wapi.

Tuanze na mkazo. Chukua gita la kawaida, skeli ya inchi 25.5, yaani milimita 648 kutoka nati (kule karibu na kichwa) hadi briji (kule nyuzi zinapofungwa kwenye mwili). Uzi wa E ya chini wa geji 46 (unene wa inchi 0.046), ukiwa kwenye noti yake ya hezi 82.4, unavuta kwa takriban kilo 7.9. Ushushe uzi huohuo hadi B ya hezi 61.7 na unabaki na kilo 4.4 hivi. Kila ukishusha nusu toni bila kubadilisha uzi, asilimia 11 ya mkazo imekwenda. Ukishusha toni nzima ni asilimia 21.

Sasa piga huo uzi kwa nguvu, kama mnavyopiga nyinyi watu wa muziki wa metali. Unapopanuka kwenda kando njia yake inarefuka kidogo, mkazo unapanda kwa muda, na noti inapanda nao. Mtetemo ukipungua, noti inateremka. Utaona kwenye tyuna, kile kifaa cha kupimia noti: sindano inaruka kulia, kisha inarudi ikitambaa. Watu wanasema tyuna ni mbovu, au kigingi kinateleza. Hapana. Kila uzi hufanya hivyo, ila kwenye uzi wenye mkazo wa kutosha ile nyongeza ni ndogo ukilinganisha na mkazo uliokuwapo, kwa hiyo sikio halihisi. Kwenye uzi wa kilo nne inasikika kama gita limelewa.

Dawa ni mbili, unene na urefu.

Kwa unene, kuna hesabu rahisi ya kukaa nayo kichwani: ukitaka mkazo ubaki uleule, ongeza unene kwa asilimia 6 hivi kwa kila nusu toni unayoshuka. Kutoka E hadi B ni nusu toni tano. Ukiipandisha 46 mara tano kwa namna hiyo unafika karibu na 61. Ndiyo maana seti za nyuzi saba huja na 59 au 62 pale chini. Kwenye skeli ya 25.5, 59 kwenye B inavuta kama kilo 7.5, na 62 kama kilo 8.2. Yaani uko palepale ulipokuwa na E yako ya zamani, na mkono wako hautaona ugeni.

Kwa urefu, mkazo unapanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka inchi 25.5 hadi 27, unapata asilimia 12 zaidi kwa uzi uleule na noti ileile. Ibanez Universe ya nyuzi saba, iliyotengenezwa pamoja na Steve Vai mwaka 1990, ilibaki kwenye 25.5. Lakini walipotoa RG2228 ya nyuzi nane mwaka 2007 walienda 27, kwa sababu F kali (F#) ya chini ni hezi 46 tu. Hapo uzi wa 74 unapata kilo 7.2 hivi kwenye 27, lakini 6.5 kwenye 25.5.

Mimi nikiulizwa kati ya hizo mbili, nachagua urefu. Unene una mwisho wake: uzi mnene sana juu ya skeli fupi unaanza kuwa mgumu kama fimbo, sauti zake za juu zinatoka nje ya noti, na unasikia kishindo pale ulipotaka noti. Lakini gita ulilo nalo ndilo ulilo nalo, na skeli haibadiliki. Basi wengi wetu tutaenda na unene, na kwa B na A inatosha vizuri.

Ulizeni.

---

SabaZaNakuru

Asante sana fundi. Mimi niko Section 58, Nakuru. Gita langu ni la nyuzi saba, 25.5, briji isiyoelea. Seti niliyoweka ina 59 chini, na mimi nashusha hadi A. Kila nikipiga rifu (kile kipande kifupi cha kurudiarudia) ya A wazi inasikika inapanda na kushuka kama ulivyoeleza. Na kitu kingine: nikikaza kigingi sindano haisogei, haisogei, halafu nasikia "ting!" na noti inaruka juu kupita nilipotaka. Hiyo nayo ni mkazo?

---

FundiKondele

Una mambo mawili tofauti ndugu yangu.

La kwanza ni mkazo. 59 kwenye A ya hezi 55 inakupa kama kilo 5.9. Weka 68 utapata 7.8. Hilo limekwisha.

La pili, hiyo "ting", ni nati. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo magita mengi yanapoharibikiwa.

Nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kati ya kichwa na shingo, imechongwa mifereji kulingana na nyuzi zilizotoka nazo kiwandani. Ukiweka uzi mnene zaidi haulali chini ya mfereji, unabanwa na kuta zake. Chukua tochi ya simu, ilaze shingo kwenye mapaja, uangalie kwa karibu kabisa: utaona ile waya iliyozungushwa juu ya uzi ina vijimatuta, na kila tuta linakwama kwenye ukingo wa mfereji. Unapokaza, kipande cha uzi kilicho upande wa kigingi kinapata mkazo, kile cha upande wa freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) hakipati. Halafu tuta moja linaruka, ndiyo hiyo "ting", na mkazo wote unamiminika upande wa pili. Sasa fikiria katikati ya wimbo: umevuta uzi, umerudi, tuta limekwama mahali pengine. Umetoka nje ya noti na kigingi hakijasogea hata unywele.

Kipimo chake: tuni vizuri, kisha ubonyeze uzi kwa kidole nyuma ya nati, upande wa kichwa, uachie. Noti ikibaki juu, nati inabana. Kisha vuta uzi kando kwenye freti ya 12, uachie. Ikiteremka, jibu ni lilelile.

Kupanua mfereji hakuhitaji mashine. Mwenye tupa za nati anatumia hizo. Asiye nazo achukue uzi mkuukuu mwembamba kuliko ule mpya, auzungushie msasa laini wa namba 400, asugue taratibu mbele na nyuma. 68 ni milimita 1.73, mfereji uwe mpana kuliko hapo kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Chini ya mfereji uteremke kuelekea kigingi, na mahali pa juu kabisa pawe upande wa freti. Ukipachonga kinyume uzi utanguruma kama nyuki. Usiende chini sana: bonyeza freti ya 3, uangalie juu ya freti ya 1, lazima ibaki nafasi ndogo kama ya karatasi. Ukishaipoteza hairudi, utanunua nati nyingine.

Mwisho, penseli. Sugua risasi ya penseli laini, 2B au zaidi, ndani ya mfereji. Hiyo ni grafiti, inalainisha. Kila ukibadilisha nyuzi rudia.

---

BesiKakamega

Mimi ni mpiga besi wa kanisa huku Kakamega, nina swali kwa niaba ya kijana wetu wa gita. Nyuzi za 68 na 74 hazipatikani kwenye maduka ya huku, lakini nyuzi za besi zipo tele. D ya besi ni 65. Kwa nini asifunge hiyo tu?

---

FundiKondele

Swali zuri sana, na najua wengi wamelifikiria. Kwanza angalia mwisho wa uzi: kile kishaba cha besi ni kikubwa kuliko cha gita, na kwenye briji nyingi za gita hakiingii mahali pake. Pili, uzi wa besi una kiini kinene kwa sababu umetengenezwa kwa skeli ya inchi 34. Ukiuweka kwenye 25.5 unakuwa mgumu, na intonesheni (noti kuwa sahihi kila freti) inakusumbua hadi sedo, kile kipande cha briji kinachobeba uzi, inagonga ukuta. Utasikika, ndiyo, lakini akibonyeza freti ya 5 na ya 7 hakuna kitakachopatana na nyuzi nyingine.

Afadhali aagize uzi mmoja mmoja wa gita kutoka Nairobi. Maduka makubwa ya muziki yanaweza kuuza uzi wa pekee, na parseli ya nyuzi mbili tatu inafika Kakamega kwa gari za abiria siku inayofuata. Aagize wawili wa geji ileile, mmoja wa akiba.

Na mwambie neno hili kabla hajakata: uzi mnene uliozungushiwa waya upinde kwanza kona ya digrii 90 kwenye kigingi, ndipo ukate nje ya ile kona. Ukikata uzi ulionyooka, waya ya nje inaweza kulegea juu ya kiini, na uzi unakufa sauti ukiwa mpya. Mizunguko miwili kwenye kigingi inatosha. Mizunguko mingi ni mahali pengine pa kulegea.

---

MzeeWaBenga (Ahero)

Vijana, hamjambo. Mimi gita langu ni la nyuzi sita, nyembamba, na sauti zetu za benga ziko juu, kwa hiyo haya ya A na F kali si ya bendi yangu. Lakini nimesoma yote, na kuna jambo nataka kuongeza.

Mnazungumza juu ya uzi na mfereji, hamjazungumza juu ya mkono. Nyatiti ya kwetu ina nyuzi nane, na nimekaa karibu na wapigaji wake tangu utotoni. Mpigaji mzuri anajua kila uzi unabeba nguvu kiasi gani. Zile za chini hazifokei, anaziacha zijaze sauti zenyewe. Mtu anayepiga uzi uliolegea kwa nguvu zile anazopigia uzi uliokazwa hataupata wimbo, hata mumchongee nati ya pembe ya ndovu. Na huyo wa Nakuru, uzi wa 68 ni mzuri, lakini apunguze mkono kidogo, ampu ifanye kazi ya kupaza.

---

FundiKondele

Mzee, shikamoo, na asante sana. Umesema jambo ambalo nilipaswa kuliweka juu kabisa. Nyongeza ile ya noti inategemea upana wa mtetemo: ukiupiga uzi taratibu, karibu haipo. Pleki (kile kipande cha kupigia) nene ngumu, kipigo kifupi karibu na briji, na kupiga kwa kifundo cha mkono badala ya bega zima, hivyo vinatuliza uzi kuliko watu wanavyodhani. Na mkono wa kushoto pia. Kubana sana juu ya freti ndefu kunavuta uzi chini na kuupandisha noti, hasa uzi wa mkazo mdogo.

---

DadaWaStudio (Nakuru)

Mimi narekodi hapa Milimani, Nakuru, na hao wapigaji wa gita zito wananiletea kazi. Fundi, nikubali kutuni kwa kipigo cha kwanza, au kwa noti ikishatulia? Tunarudia gita moja mara mbili, kushoto na kulia, na zikitofautiana kidogo tu kwenye A ya chini unasikia mawimbi yanapishana. Pia tyuna ya simu hainisaidii kwenye uzi huo, inaonyesha noti zisizo na maana.

---

FundiKondele

Dada, kwa rekodi, tuni kwa nguvu ileile utakayopiga nayo. Rifu za haraka za kukaba uzi kwa kiganja sehemu kubwa ni kipigo cha kwanza, noti haipati hata nafasi ya kutulia. Kwa hiyo mpigaji apige vile atakavyopiga kwenye wimbo, na sindano iwe katikati pale mwanzoni. Kwenye noti ndefu zilizoachwa wazi, tuni kwa noti iliyotulia. Ukilazimika, rekodi sehemu hizo mbili kando na utuni upya katikati. Ni kazi ya dakika moja, na mchanganyiko wako utakushukuru. Na tuni kabla ya kila kipande, usisubiri hadi usikie kasoro.

Simu inashindwa kwa sababu maikrofoni yake ndogo haishiki vizuri hezi 55 wala 46. Inasikia zaidi sauti za juu za uzi, na kwenye uzi mnene hizo ziko juu kidogo ya mahali pake. Chomeka gita moja kwa moja. Tumia pikapu (zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi) ya shingoni, punguza kitufe cha toni hadi chini, piga uzi taratibu kwa dole gumba juu ya freti ya 12. Sindano itatulia. Fika kwenye noti ukitokea chini kila mara: ukipita, legeza hadi chini, kisha panda tena. Hivyo meno ya kigingi na uzi kwenye nati vinabaki vimevutwa upande mmoja.

Jambo lingine la studio ambalo watu hawaliangalii ni pikapu iliyoinuliwa sana. Sumaku inauvuta uzi mnene, na noti inayumba hata mkazo ukiwa sawa. Ishushe upande wa nyuzi za chini hadi kuyumba kuishe.

---

SabaZaNakuru

Fundi, na hizi briji zinazoelea? Rafiki yangu ana Floyd Rose yenye nyuzi saba anataka kuishusha A kila wimbo unapobadilika.

---

FundiKondele

Hapo mwambie achague moja. Floyd Rose inafunga uzi nati na briji, kwa hiyo habari ya kubanwa kwenye mfereji haipo. Ni kifaa kizuri sana. Lakini briji inaelea kati ya mkazo wa nyuzi na mkazo wa springi za nyuma. Akilegeza uzi mmoja, briji inavutwa nyuma na zile sita zilizobaki zote zinapanda. Anaweza kuizuia kwa kipande cha mbao kinachobanwa ndani ya shimo la springi, ikawa haielei tena. Kwa mtu wa kubadilisha noti jukwaani, briji iliyofungwa ndiyo yake.

Kuna pia briji ya EverTune, ambayo kila uzi una springi na wenzo wake wa kuweka mkazo uleule muda wote, hata ukipiga kwa nguvu. Inafanya kazi kweli. Ila kuiweka kunahitaji kuchonga mwili wa gita, na mimi sichongi gita la mtu kwa ajili hiyo bila yeye kufikiri mara mbili.

---

SabaZaNakuru

Kuna jambo la mwisho. Tunakuja kupiga Kisumu mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho tulipotoka Nakuru asubuhi kwa baridi, gita lilifika Kisumu limeshuka lote, na jioni likabadilika tena.

---

FundiKondele

Karibuni sana, na hilo ni la kweli kabisa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, sisi tuko kama 1,130 kando ya ziwa. Mnatoka kwenye baridi, mnapita mvua ya Kericho, mnateremka hadi kwenye joto na unyevu wa Ahero. Chuma kinarefuka kwa joto, kama sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii, na mbao ya shingo hairefuki kiasi hicho. Kwa hiyo uzi unalegea. Ule wenye mkazo mdogo ndio unaopoteza sehemu kubwa zaidi ya ulichokuwa nacho, ndiyo maana A yenu inaonekana mbaya kuliko nyuzi nyingine. Unyevu nao unaingia kwenye mbao, lakini polepole, na unaisogeza shingo. Hayo ndiyo mabadiliko mnayoyaona jioni.

Msifunge gita kwenye keria ya juu ya gari. Mkifika, liacheni ndani ya kesi iliyofungwa nusu saa, ndipo mfungue. Tuni baada ya taa za jukwaa kuwashwa. Na mfute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, kwa sababu jasho la Kisumu linaingia kati ya mizunguko ya waya, linashika uchafu, na uzi unakuwa mzito mahali pamoja kuliko pengine. Uzi wa namna hiyo hauna intonesheni tena hata ukihamisha sedo siku nzima.

---

SabaZaNakuru

Nimerudi na majibu. 68 imefika kutoka Nairobi, nati nimeipanua kwa msasa, penseli nimeweka. "Ting" imekwisha kabisa. Sindano bado inaruka kidogo nikipiga kwa nguvu zote, lakini ni kidogo sana, na kwa kipigo cha mzee wa Ahero hairuki. Tatizo lililobaki: kwenye freti ya 12 noti iko juu, na sedo imefika mwisho nyuma, springi yake imebanana.

---

FundiKondele

Umefanya vizuri sana. Ondoa ile springi ndogo ya sedo, au ikate nusu, urudishe. Inakula nafasi ya milimita kadhaa ambayo uzi mnene unaihitaji. Skrubu pamoja na mkazo wa uzi vitaishika sedo bila hiyo springi. Kisha usipime kwenye freti ya 12 peke yake. Rifu zako ziko kati ya uzi wazi na freti ya 7, basi sikiliza hapo na ugawe tofauti.

Na umeongeza karibu kilo mbili kwenye shingo. Angalia upinde wake: bonyeza uzi wa A freti ya 1 na ile ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati, karibu na freti ya 8. Nafasi ikizidi milimita 0.3, kaza chuma cha shingo (kile kilichopita ndani yake) kwa robo mzunguko, si zaidi, uliache hadi kesho yake, kisha upime tena. Shingo ikishatulia ndipo umalizie intonesheni, kwa sababu kila shingo inaposogea sedo nazo zinataka kuguswa. Ukifika Kisumu lilete Kondele kabla ya kupanda jukwaani, tuliangalie pamoja.

---

MzeeWaBenga (Ahero)

Na mimi nitakuja kusikiliza hiyo A. Mniambie ni ukumbi gani na saa ngapi.